Stebilaiza ya Friji ya Mama

Wenzangu wa Segese, na ninyi mlioko Kharumwa, Songwa au popote palipo na nguzo ya umeme na mzazi mgonjwa ndani ya nyumba, habari hii nimepewa na mwenye nayo. Kalisti mwenyewe ndiye aliyesema isimuliwe, tena kwa jina lake. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Akanijibu, "Andika. Nilinyamaza vya kutosha."

Basi tuanze na asubuhi, maana nyumba ile ilikuwa na asubuhi nzuri.

Kila siku saa moja, kabla ya chai, mama yake Kalisti, Bibi Philomena, aliketi kwenye kigoda uani na ungo wa choroko mapajani. Alikuwa na kisukari mwaka wa tisa sasa, na aliishi kwa sindano ya insulini. Kalisti alitoka ndani na sindano mkononi, akamwamkia, akachuchumaa. Bibi alikunja mkono wa gauni, akageuza uso kulitazama banda la kuku, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kuizoea sindano.

"Tayari, ng'wanone?" aliuliza, yaani mwanangu.

"Tayari, mayu," Kalisti alijibu, yaani mama. "Imeshapita."

"Hata sijasikia. Wabeja."

Kusikia alisikia, tena sana. Lakini kila siku alisema hakusikia, na kila siku alishukuru kwa hiyo wabeja yake. Eunice, mke wa Kalisti, naye alijua kuchoma sindano, ila Bibi hakumtaka. Alisema mkono wa Kalisti ndio usiouma. Eunice alicheka tu na kwenda kuchochea moto wa chai. Binti yao, Loveness, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu tu, na waliishi kwa amani.

Chakula cha nyumba hiyo kilitoka kwenye chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Kalisti alipiga picha za pasipoti, alichapa barua za watu, na zaidi ya yote alitengeneza video za harusi na kipaimara. Kompyuta yake ilikuwa ndogo ya mezani, zile nyembamba zilizotumika maofisini huko Ulaya zikachoka, zikaletwa kwetu kuanza maisha upya. Kwa barua ilifaa. Kwa video ilikuwa mateso. Bibi harusi alipoanza kucheza, picha iliganda na mguu wake mmoja hewani, na Kalisti alikuwa na muda wa kwenda kununua vocha na kurudi kabla mguu haujatua. Harusi ya saa mbili ilimchukua siku tatu. Wateja wakaanza kumhama, wakaenda kwa jamaa mmoja karibu na stendi ambaye mashine yake ilikuwa na kadi ya picha ya maana, yaani kile kipande kinachobeba kazi yote ya kuchora kinachoonekana kwenye kioo.

Hapo ndipo Kalisti alipoanza kuugua ugonjwa wa kadi. Alisoma kuhusu kadi, alitazama kadi kwenye simu, alizungumza kadi mezani mpaka Eunice akamwambia, "Baba Loveness, hebu meza kwanza." Mwanaume akishaitamani mashine hana tofauti na kijana anayeposa. Tamaa hiyo peke yake sikuilaumu, na wewe usiilaumu. Alitaka kazi yake iende.

Alijibana miezi mitano, kisha akaenda Kahama dukani kwa Jignesh, anayeuza kompyuta zilizotumika pale pale baba yake alipokuwa akiuza vitambaa. Jignesh aliifungua ile mashine, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa.

"Kaka Kalisti, pawasaplai yako, hii inayoipa mashine umeme, ni ndogo. Usije ukadanganywa na likadi la feni tatu linalotaka waya wake peke yake, litakuzimia mashine siku hiyo hiyo. Chukua hii fupi. Inakula umeme wa kwenye ubao wa mashine wenyewe, na kwa video inakutosha kabisa."

"Mpya?"

"Mpya hela yako haifiki. Imetumika, lakini nimeipima mwenyewe. Ila nikwambie ukweli, umeme wenu wa Segese nauogopa. Karasha liko mbali na wewe?"

Karasha, kwa msiolijua, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Likiwashwa, taa za mtaa mzima zinafifia, na likizimwa, umeme unaruka juu ghafla.

"Liko nyuma ya nyumba," Kalisti alisema.

"Basi usiiwashe hii kadi bila stebilaiza. Nakuomba. Utanirudia hapa unalia."

Kalisti hakuwa na hela ya stebilaiza. Iliyobaki ilikuwa nauli. Akasema, "Stebilaiza ninayo."

Ni kweli stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme usishuke wala kuruka ghafla, ilikuwepo nyumbani. Ilikuwa chini ya friji ya mama yake.

Friji hiyo ndogo ilikaa chumbani kwa Bibi, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunza vile vichupa vya insulini. Zipora, dada yake Kalisti aliyeolewa Kharumwa, ndiye aliyeinunua, na ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliunguzwa na umeme wa karasha ndani ya mwezi mmoja. Ndipo Zipora akanunua nyingine pamoja na stebilaiza, akamkabidhi kaka yake na kumwambia asije akaiondoa hata kwa dakika. Kwa hiyo Kalisti hawezi kusema hakujua. Hata yeye hasemi hivyo.

Wiki hiyo Zipora alikuwa amejifungua, na Bibi Philomena na Eunice walikwenda Kharumwa kumsaidia. Bibi alibeba kichupa kimoja kilichokwisha kuanza kutumika, ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, cha kumtosha siku alizokuwa huko tu, na kwa siku hizo akakubali mkono wa Eunice. Vitano vilibaki kwenye friji. Kalisti aliporudi kutoka Kahama na kadi yake, nyumba ilikuwa tupu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, akaitazama stebilaiza, akajiambia ni siku chache tu, friji nayo ni ngumu, itavumilia. Akainama, akaichomoa, friji akaichomeka moja kwa moja ukutani, stebilaiza akaihamishia chumba cha mbele.

Kadi nayo ilimsumbua. Bati lake la kushikiza lilikuwa refu kuliko ile kompyuta, na lile fupi lilipotea huko lilikotoka. Alilikata kwa msumeno wa chuma, akalisugua na jiwe, akalifunga kwa skrubu moja, akauacha mfuniko wazi. Alipowasha, mashine ilinguruma kidogo, kisha kioo kikawaka. Akafungua harusi iliyokuwa ikimtesa. Bibi harusi akacheza, mguu ukapanda, mguu ukashuka, bila kukwama. Kalisti alipiga kofi peke yake chumbani. Siku zilizofuata alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya tangu aoe, akala mikate na soda, na hakuingia chumbani kwa mama yake hata mara moja.

Siku ya saba alitamani maji ya baridi. Alipofungua friji, harufu ya waya ulioungua ilimpiga usoni. Ndani palikuwa na joto kuliko nje. Alishika kichupa kimoja, kikawa na vuguvugu kama yai lililotolewa chini ya kuku. Mwezi ulikuwa wa kumi, bati la chumba kile linawaka, na hakujua friji ilikufa siku ya kwanza au ya tano.

Alimwita Donatus, fundi friji. Donatus alifungua nyuma, akanusa, akasema mota imekaangwa na umeme mdogo.

"Si kulikuwa na stebilaiza hapa?"

"Ipo. Niliiazima kidogo."

"Na humu ndani mlikuwa na nini?"

"Maji tu ya kunywa," Kalisti alisema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulimtoka bila hata kufikiri. Donatus alibadilisha mota kwa hela yote iliyokuwa imebaki ndani ya nyumba. Jioni hiyo friji ilikuwa inanguruma na baridi imerudi. Kalisti alirudisha stebilaiza mahali pake, akafuta vumbi. Kompyuta akaamua ataizima kila karasha linapoanza. Kisha alivitazama vile vichupa vitano. Alivitikisa kimoja kimoja. Dawa ilikuwa nyeupe vile vile, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Hakuna kilichobadilika kwa macho. Akivitupa, kliniki watauliza, Eunice atauliza, Zipora atauliza, na majibu yote yataishia kwenye neno moja, stebilaiza. Alivipanga upya kwenye mlango wa friji na kujiambia kwamba labda havijaharibika.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mpaka saa hiyo hapakuwa na mtu aliyeumia. Vichupa vitano na aibu ya siku moja, basi. Angesema tu.

Bibi na Eunice walirudi baada ya siku mbili. Asubuhi yake saa moja Bibi aliketi uani na ungo wake. Kalisti alitoka na sindano.

"Tayari, ng'wanone?"

Alichoma.

"Leo mkono wako mzito," mama yake alisema, akitazama kuku. "Au umechoka? Wabeja hata hivyo."

Wiki haikuisha Bibi akaanza kiu. Alikunywa maji usiku na mchana, akaenda chooni mpaka akachoka njia. Zahanati walipopima sukari, nesi alishika kiuno. "Bibi! Unakula nini nyumbani? Hii si sukari ya mtu anayefuata masharti." Bibi Philomena alisema hali kitu cha ajabu. Nesi akamgeukia Eunice, akamwambia wazee ni kama watoto, wafichieni vitamu.

Eunice si mtu mbaya. Alimpenda mkwe wake, na aliogopa. Siku hiyo hiyo alitia sukari, asali na jamu ndani ya sanduku la bati, akafunga kufuli, funguo akaivaa shingoni. Kesho yake, akitandika kitanda cha Bibi, alikuta matobolwa yamefungwa kwenye pindo la kanga. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vitamu kweli. Akatoka navyo uani, machozi yanamlenga.

"Mama, ndiyo nini sasa? Sisi tunahangaika na wewe unakula kwa kificho?"

"Ni vya Loveness hivyo," Bibi alisema. "Nimetoka navyo Kharumwa, nimemwekea akifunga shule."

"Mbona vimekatwa?"

"Vilikatika vyenyewe kwenye gari, mama. Sijala."

Kalisti alikuwa mlangoni. Aliona mama yake anamtafuta kwa macho amtetee. Wenzangu, mwanamume huyo ana miaka thelathini na tisa, amebeba jeneza la baba yake begani bila kuyumba. Asubuhi hiyo alishindwa kunyanyua ulimi. Alisema, "Mayu, usile tu, basi," akaingia ndani, akavaa hedifoni.

Zipora naye alipiga simu, akamgombeza mama yake mpaka mtoto mchanga akaamka na kulia. Bibi alisikiliza yote. Alipokata simu alimwita Eunice.

"Mwanangu, unisamehe. Nimefikiri sana. Nyote hamwezi kusema uongo, na kipimo hakiwezi kusema uongo. Labda ninakula ninasahau. Uzee huu. Ukiniona nakula, unipokonye, usinionee haya."

Kalisti alisikia maneno hayo kutoka chumba cha mbele. Ndiyo siku aliyoichukia ile kadi, lakini hakuizima. Alikuwa na harusi ya kukabidhi, na alishajipangia kwamba akilipwa atakwenda Kahama kununua dawa nzima kwa siri, aiweke, mambo yanyooke, na mtu asijue. Alihesabu siku. Kila asubuhi alimchoma mama yake maji yasiyo na kazi, na kila asubuhi alishukuriwa.

Kliniki ya pili sukari ilikuwa imepanda zaidi. Safari hii aliwapokea daktari mwenyewe, kijana mpole. Alimwuliza Eunice, "Dawa mnaitunza vizuri? Haijakaa kwenye joto?"

"Friji haijawahi kuzimwa, daktari. Mume wangu huyu ndiye mlinzi wake."

Daktari akamtazama Kalisti. "Ni kweli?"

Mlango ulikuwa wazi. Nje palikuwa na foleni ya watu, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi akijipepea kwa kadi ya kliniki. Kalisti akasema, "Ni kweli."

Kwa jibu hilo daktari aliona mwili umeizoea dawa. Akapandisha kipimo kutoka yuniti ishirini hadi thelathini na sita.

Siku nne baadaye Kalisti alilipwa. Alikwenda Kahama mbio, akanunua kichupa kipya famasi, akakirudisha ndani ya chupa ya chai yenye barafu akikipakata kama mtoto. Vile vya zamani alivitumbukiza chooni. Alilala vizuri siku hiyo, anasema, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Kwamba kipimo kilipandishwa kwa sababu ya dawa iliyokufa, na kwamba dawa hai haitaki kipimo hicho, hilo halikumjia. Au lilimjia kwa mbali, akalisukuma. Alidhani kipimo kikubwa kitafidia siku zilizopotea.

Asubuhi yake Bibi alikuwa amekunywa uji nusu kikombe, usio na sukari, kisha akakataa mengine. Siku hizo alikula kidogo sana kwa kuogopa kulaumiwa. Aligeuza uso.

"Tayari, ng'wanone?"

"Tayari, mayu," Kalisti alisema. Yuniti thelathini na sita.

Eunice alikwenda mnadani. Kalisti aliingia chumba cha mbele, akavaa hedifoni, akaendelea na kipaimara cha watu wa Bulyanhulu. Kuna wakati alihisi kama kitu kinagongwa uani, bati kwa bati. Akadhani ni kuku. Hakuvua hedifoni. Karasha lilipoanza alizima kompyuta kama kawaida yake, na hapo ndipo aliposikia ukimya.

Mama yake alikuwa ameanguka pembeni ya kigoda. Sufuria aliyokuwa akiigonga kumwita ilikuwa karibu na mkono wake. Choroko zilimwagika, gauni limelowa jasho, na vidole vyake vilikuwa bado vinapepeta hewa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona.

Kalisti alijua. Miaka tisa walifundishwa: sukari ikishuka, mpe sukari haraka. Alikimbilia jikoni. Kopo la sukari halikuwepo. Akakumbuka sanduku. Kufuli. Na funguo ilikuwa shingoni kwa Eunice, mnadani.

Alilipiga kufuli kwa mchi, likakataa. Akalipiga kwa jiwe, kisha nondo, sanduku likaruka huku na huku, na yeye akilia kwa sauti kama mtoto. Bati lilipopasuka sukari ilimwagika sakafuni ikichanganyika na jamu na vumbi. Alizoa kwa viganja, akakimbia uani, akampaka mama yake kwenye ufizi, ndani ya mashavu, akimwita, "Mayu, kula. Kula mayu, nakuomba, kula." Mwanamke ambaye wiki tatu alilaumiwa kwa kula sasa alikuwa akibembelezwa ale, na hakuweza.

Majirani walileta gari. Hospitalini Kahama walimtundikia maji ya sukari, na moyo wake haukusimama. Lakini alikuwa amelala vile muda mrefu. Daktari wa zamu alitoka akauliza, "Amechomwa ngapi, na dawa gani? Nataka ukweli, maana hapa hesabu hazikubaliani."

Eunice alikuwa ameshafika, vumbi la mnadani miguuni. Kalisti akasema yote. Kadi, stebilaiza, friji, Donatus, vichupa vitano, kliniki, kichupa kipya. Alisema amesimama, hakuacha kitu. Alimalizia na matobolwa, kwamba yalikuwa ya Loveness kweli.

Eunice hakupiga kelele. Aliivua ile funguo shingoni, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe, akakikunja kiganja chenyewe, kisha akaenda kuketi benchi la mbali. Walikaa hivyo mpaka Zipora alipofika na kichanga chake mgongoni.

Siku ya tatu Bibi Philomena aliamka. Alimtambua Kalisti, alimtambua Eunice, alitaja majina ya wanawe wote na ng'ombe wa baba yake. Nyumba nzima ilishukuru. Lakini siku chache baadaye ilionekana kwamba mambo mapya hayakai tena kichwani mwake. Ukimwambia leo, kesho halipo. Daktari alisema ubongo ulikosa sukari muda mrefu mno, na kwamba huenda ikabaki hivyo. Ya zamani yalibaki. Na kati ya ya karibuni lilibaki moja tu, lile lililomwingia sana.

"Ng'wanone," alisema asubuhi ya kwanza waliporudi nyumbani, "unisamehe. Nilikuwa naiba sukari."

Kalisti alipiga magoti kwenye udongo. "Hukuiba, mayu. Hukula chochote. Ni mimi niliyeharibu dawa yako, nikanyamaza. Niliwaacha wakusingizie."

Bibi alimwinamia. Machozi yakamtoka, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Ee mwanangu. Yaani sikuiba? Mungu akubariki kwa kuniambia. Imepita, inuka." Na uso wake ukawa mwepesi kama wa msichana.

Kesho yake saa moja alikunja mkono wa gauni, akatazama kuku, akasema, "Ng'wanone, unisamehe. Nilikuwa naiba sukari."

Kadi ile Kalisti aliirudisha kwa Jignesh, bati lake likiwa limekatwa kwa msumeno. Jignesh aliipokea, akampa stebilaiza badala yake, ambayo sasa iko akiba juu ya kabati la Bibi. Eunice bado yupo naye, ingawa hawacheki kama zamani. Sindano anachoma Kalisti, kwa kuwa Bibi hataki mkono mwingine. Mimi nilikaa uani pale asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi tatu niliona mama akiomba msamaha, mwana akikiri, mama akisamehe. Nilimwuliza Kalisti kama hachoki. Alisema, "Siku nisipomwambia, atashinda akiamini ni mwizi."

Funzo la kurudi nalo nyumbani

Ndugu zangu, sisemi msinunue vitu. Boresheni mashine zenu, kazi ziende. Lakini kabla hujachomoa waya popote ndani ya nyumba yako, uliza waya huo unamshikilia nani. Ukibana matumizi, jibane wewe. Usimbane aliyelala chumba cha pili akikutegemea. Dawa iliyokaa kwenye joto itupe, hata kama kwa macho ni ile ile, na umwambie daktari, kwa kuwa daktari anatibu kwa maneno yako kama anavyotibu kwa kipimo.

La kubwa zaidi ni hili. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ungali unaweza kugombezwa tu yakaisha. Usijidanganye kwamba utarekebisha kimya kimya. Kalisti alinyamaza wiki nne ili asione haya mara moja, na kurekebisha kwake kwa siri ndiko kulikokaribia kumuua mama yake. Msamaha aliogopa kuuomba, na sasa anaupata kila siku, lakini haudumu mpaka kesho yake. Kesho saa moja asubuhi ataanza tena kukiri.